Ukoo wa Bibi Zena: Jumamosi tunaweka Ariel yupi?

Rehema: Jamani, Jumamosi watoto wote wanakuja kwangu. Filamu nimeshaipata, ile ya Disney ya nguva Ariel, The Little Mermaid. Tunaanza saa tisa alasiri, atakayechelewa tusilaumiane.

Kassim: Ya katuni au ile waliyoiharibu?

Rehema: Ya 2023, kaka.

Kassim: Basi wangu watakuja siku mtakayoweka ya katuni.

Farida: Wako wewe na nani? Wanakuja, wifi. Wote.

Idrisa: 😂😂 Shemeji katoa hukumu kesi haijasomwa

Kassim: Ngojeni nijieleze, nisije nikaitwa mbaguzi kwenye kikundi cha mama yangu mwenyewe. Yule binti mweusi waliyempa Ariel, Halle Bailey, sina ugomvi naye. Sauti anayo, tena si ya kubabaisha. Ninachosema ni kwamba Ariel namjua. Nywele nyekundu, ngozi nyeupe, mkia wa kijani. Ule mkanda wa katuni tuliuangalia mpaka ukawa unapiga chenga kuanzia katikati. Leo mnaniletea mtu mwingine mnaniambia ndiye yule yule. Siye.

Salma: Shikamoo baba. Nywele bado ni nyekundu lakini. Dredi zake mwenyewe, wamezitia rangi tu.

Kassim: Marahaba. Wewe si una kipindi saa hizi?

Salma: Mhadhiri hajatokea 🙂

Jabir: Shikamoo mjomba. Hata wa kwenye mkanda hakuwa "yule yule". Hadithi ni ya Hans Christian Andersen wa Denmark, 1837. Humo nguva hana hata jina, na harusi yake haipo. Mchawi anamkata ulimi kabisa. Mwana wa mfalme anaoa mwingine, nguva anapewa kisu akamchome, anakataa, anajitupa baharini anageuka povu.

Bibi Zena: 🎤 0:38

Farida: Kwa walio kazini wasioweza kusikiliza: Mama anauliza huo ulimi unakatwa mbele ya watoto?

Rehema: Hapana Mama, hiyo ni kitabuni. Kwenye filamu anachukuliwa sauti tu.

Kassim: Jabir umesoma vizuri ila umeruka ukurasa. Andersen huyo huyo kaandika ngozi yake ni laini kama ua la waridi na macho yake ni ya buluu kama bahari yenye kina. Hapo hukupaona?

Jabir: Nimepaona. Ila nywele nyekundu alizitia Disney mjomba, na harusi alifungisha Disney.

Idrisa: Moja moja. Sasa kaka nikuulize la kaa. Sebastian wa huo mkanda wako anaongea lafudhi ya Karibi. Ule wimbo wake wa chini ya bahari, uliopata Oscar, ni kalipso tupu, muziki wa huko huko. Aliyemwigizia sauti alikuwa Mmarekani mweusi, Samuel E. Wright. Miaka yote hii hujawahi kuuliza kaa wa Karibi anatafuta nini kwenye bahari ya Denmark.

Kassim: Kaa ni kaa.

Salma: Na nguva ni nini, baba?

Idrisa: 😂😂😂😂

Farida: Nimecheka peke yangu ofisini, watu wananitazama

Kassim: Chekeni. Nguva nusu yake ni mtu, na hiyo nusu ya mtu ndiyo tunayoizungumza. Halafu kama rangi haikuwa na maana, mbona wenyewe wamehangaika kuieleza? Hadithi wameihamishia Karibi. Mabinti saba wa Triton, baba yake Ariel, kila mmoja kapewa bahari yake, ili rangi zao zipate sababu. Malkia wa nchi kavu mweusi, mwanawe anayependwa na Ariel mzungu, basi lazima tuambiwe aliokotwa mchanga meli ilipozama. Mtu asiye na wasiwasi hajielezi hivyo.

Rehema: Hapo nakuunga mkono. Yale maelezo yalinichosha hata mimi. Ukishamweka, mweke, hadithi iende.

Farida: Ndiyo maana Cinderella ya televisheni ya 1997 mimi siiachi. Brandy, mwimbaji mweusi, ndiye Cinderella, Whitney Houston ndiye yule mama wa miujiza. Malkia ni Whoopi Goldberg, mweusi, mfalme ni mzungu, na mtoto wao ni Paolo Montalban, mwenye asili ya Ufilipino. Na HAKUNA aliyeeleza kitu! Baba, mama na mwana wanagombana kuhusu dansi la usiku kama familia yoyote. Brandy anashuka kwenye gari na gauni lake, misuko kichwani. Marekani waliiangalia kama watu milioni 60 kwa usiku mmoja.

Idrisa: Na kiatu kikamwenea

Kassim: Hiyo niliipenda.

Farida: Basi?

Kassim: Basi Cinderella hana sura moja. Mfaransa Perrault kaandika wake 1697, Wachina wana wao, Ye Xian, wa karne ya 9. Kila watu wana wao. Ariel amechorwa, anajulikana.

Salma: Disney walimchora Cinderella pia, 1950. Nywele za dhahabu.

Kassim: Huyo sikumwangalia sana.

Rehema: Ahaa! Sasa tumefika. Kumbe asiyeguswa ni yule uliyemwangalia wewe ukiwa na miaka tisa. Wengine wote rukhsa.

Kassim: *Ujumbe huu umefutwa*

Jabir: Mjomba kafuta nini?

Kassim: Vidole vimeteleza. Haya, tuacheni Ariel, twende kwa Snow White. Ndugu wa Grimm wa Ujerumani, 1812: mama anataka mtoto mweupe kama theluji. Ni jina lake hilo, ni hadithi nzima hiyo, kioo kila siku kinaulizwa nani mzuri. 2025 wakampa Rachel Zegler, ambaye mama yake ana asili ya Kolombia, kisha wakatuambia jina limetokana na dhoruba ya theluji siku aliyozaliwa. Ikaanguka.

Idrisa: Kuanguka imeanguka, imeingiza dola milioni 200 na kidogo dunia nzima na bajeti iliripotiwa kuzidi hapo. Lakini kaka usimbebeshe Zegler peke yake. Wale mbilikimo saba wametengenezwa kwa kompyuta, wanatisha. Mwigizaji Peter Dinklage, mwenyewe mbilikimo, aliisema hiyo hadithi mapema, 2022, kwamba mnajisifu kwa binti wa Kilatino huku mnarudia mbilikimo wa pangoni. Filamu iligombana na kila mtu. Na ingekuwa rangi ndiyo inayoua biashara, nguva asingefika milioni 560 na zaidi.

Kassim: Na China na Korea Kusini je? Huko nguva hakuuza.

Idrisa: Kweli hakuuza. Sijasema wabaguzi wako upande mmoja wa dunia.

Rehema: Mimi naomba niseme kirefu kidogo, mnivumilie, ndiyo ualimu huo.

Kinachonisumbua si kubadilisha wala kutobadilisha. Mimi naangalia kama hadithi inaegemea pale. Mulan ukimtoa kwenye Uchina hakuna kinachobaki, jeshi ni la kule, baba ni wa kule, aibu na heshima ni za kule. Moana ni hivyo hivyo. Nguva yeye anataka nini? Anataka miguu na anagombana na baba yake. Hapo rangi haishiki ukuta wowote.

Ila angalieni Lilo & Stitch ya 2025. Kwa haraka utasema hamna tatizo, waigizaji wengi wana asili ya Hawaii. Lakini Nani, dada mkubwa, kwenye katuni ya 2002 alikuwa na ngozi nyeusi iliyoiva na mwili wa mtu wa kazi. Wakamweka Sydney Agudong, mweupe zaidi, na watu wengi wa Hawaii wakalalamika. Kaka, mbona kwa Nani hukusema "namjua, siye"? Ni kosa lile lile unalolililia, limekwenda upande wa pili tu. Na filamu ikavuka dola bilioni moja.

Kassim: Hiyo sijaiangalia.

Rehema: Ndiyo hapo sasa.

Jabir: Na Aladdin ya 2019. Disney walikiri waliwapaka rangi baadhi ya waigizaji wa pembeni na wa sarakasi wakolee. Habari ilitoka Januari 2018 wakati bado wanapiga picha. Huku Naomi Scott ndiye binti mfalme Jasmine, na wazee wa mama yake asili yao ni India, sio Uarabuni. Watu walisema, ila kelele hazikufika robo ya za nguva.

Salma: Na Simba wa The Lion King! 1994 sauti ya Simba mkubwa ni Matthew Broderick, mzungu wa New York. Simba wa nyikani. Baba ulilalamika?

Kassim: Simba haonekani ngozi.

Salma: Anaonekana manyoya 😂

Kassim: Sawa, mnanishambulia watu wanne, nimezoea. Lakini hili mnijibu kwa utulivu. Kwa nini tunapewa mitumba? Kama wanampenda huyo binti kweli, wamtungie hadithi yake, mpya, aitwe jina lake, dunia nzima imjue kwa hilo. Kumvisha Ariel ni kumpa nguo ya mtu halafu kumwacha peke yake na matusi. Trela ilipotoka Septemba 2022 binti wa watu alitukanwa kwa kuimba sekunde chache tu. Disney walipumzika zao.

Farida: Hilo umesema neno.

Idrisa: Umesema neno kweli, ila hesabu ni nyingine. Filamu mpya isiyojulikana ni kamari. Jina la zamani lina wateja tayari, wazazi kama wewe mnaolipa ili mkasirike 😂 Wakimbadilisha mhusika wanapata na wateja ambao hawakuwepo mwanzo. Huruma haimo humo. Ila mimi sioni kwa nini faida yao inizuie kufurahi.

Jabir: Na walijaribu mjomba. Tiana, 2009, binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney.

Salma: Ambaye sehemu kubwa ya filamu ni CHURA. Tumengoja tangu Snow White ya 1937, tukapewa chura.

Salma: Baba, mimi ndiye nikujibu kuhusu mitumba. Unakumbuka nilikuwa najifunga taulo kichwani?

Kassim: Lile la buluu.

Salma: Lile. Nalibana kwa mpira wa nywele juu ya masikio, linashuka mpaka kiunoni, halafu natikisa kichwa hivi ili lirudi nyuma ya bega. Ndiyo zilikuwa nywele zangu za Ariel. Kila nikicheza lazima nilitafute kwanza, likiwa limefuliwa halijakauka sichezi. Mkanda ule ule wako baba, mimi na wewe tumeangalia kitu kimoja. Wewe ulimjua tu. Mimi ilinibidi nivae kitu. Sasa mdogo wetu Zuu alipoangalia trela ya mpya, alicheza pale pale na kichwa chake alichonacho. Mitumba au sio mitumba, hakwenda kutafuta taulo.

Farida: Mwanangu

Kassim: Mimi nilidhani unamwigiza mama yako akitoka kuoga.

Idrisa: 😂😂😂 kaka!

Farida: Na alikuwa analilowesha makusudi ili liwe zito, nikawa namgombeza kila siku. Hakunieleza.

Salma: Nilikuwa na miaka sita, ningeelezaje?

Kassim: Nimekusikia. Bado nasema Ariel wangu ni yule wa mkanda. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Rehema: Zuu mwenyewe, ili msimfanye mtakatifu, malalamiko yake makubwa ni kuhusu samaki. Yule Flounder wa katuni ni mnene, wa njano, anacheka. Huyu mpya wamemfanya samaki wa kweli. Zuu kaniuliza kama anaumwa.

Jabir: Kila mtu aliuliza hivyo shangazi… mama namaanisha 😅

Rehema: Mimi ni mama yako Jabir, ukiwa kwenye simu na nje ya simu.

Bibi Zena: 🎤 1:24

Farida: Mama anasema: ya katuni aliiangalia na nyie mara nyingi, inakwisha mapema. Hiyo nyingine aliletewa na Idrisa, giza tupu chini ya maji, alikuwa haoni nani anaongea na nani, akalala, akaamka bado wanaimba. Anauliza kama mnaweza kuweka fupi.

Jabir: Bibi yuko sahihi kabisa. Katuni dakika 83, mpya dakika 135.

Kassim: MAMA OYEE

Idrisa: Mama hajasema kuhusu rangi hata kidogo

Kassim: Kura ni kura.

Bibi Zena: 🎤 0:11

Farida: "Huyo pweza ndiye anayejua kuigiza." Anamsifia Melissa McCarthy, yule mchawi wa filamu mpya.

Salma: Na yule malkia, Noma Dumezweni, mtu asimsahau. Kazaliwa Swaziland, utotoni kaishi Botswana, Kenya na Uganda kabla ya Uingereza. Ndiye Hermione wa Harry Potter jukwaani London 2016, nako walimwandama vile vile.

Jabir: Mkimgusa Hermione tumguse na Snape, mwalimu wao. Mfululizo mpya wa Harry Potter wa HBO, Snape ni Paapa Essiedu, mweusi.

Kassim: Nani??

Idrisa: Sasa hapo ndipo pa kujadili kweli, kuliko nguva. Snape shuleni alionewa na baba yake Harry na wenzake, wanamning'iniza miguu juu watu wanacheka. Ukimweka kijana mweusi pale na wazungu wanaocheka, lile tukio linasema jambo jingine kabisa. Linaweza hata kuwa zito zaidi kuliko la mwanzo. Lakini waandishi wawe wanajua wameshika nini, wasijifanye hakuna kilichobadilika.

Rehema: Hiyo ndiyo "kuegemea" niliyosema.

Kassim: Snape ni Alan Rickman wa filamu za mwanzo. Nimemaliza.

Jabir: Mjomba hiyo ilitoka 2001, ulikuwa mtu mzima. Miaka tisa haipo tena 😂

Kassim: Rehema, mtoto wako huyu.

Rehema: Nimemlea vizuri. Jumamosi basi: katuni saa nane unusu kwa ajili ya Mama, mpya saa tisa na nusu… ngoja, dakika 83, fanyeni saa kumi. Kassim unakuja au unamtuma Salma?

Kassim: Nakuja. Lazima awepo mtu wa kuwaambia watoto ipi ni ipi.

Farida: Atakaa mbele kabisa na ataimba. Msiseme sikuwaambia.