Mama mkwe ametuonyesha kiwanja cha ukoo huku Ufilipino: nijenge au nisubiri?

Mpwani wa Negros

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilifanya kazi Muscat kwa miaka tisa, na huko ndiko nilikomuoa mke wangu, ambaye ni Mfilipino. Mwaka jana tuliamua kuhamia kwao, Valencia, mji mdogo ulio mlimani juu ya Dumaguete katika kisiwa cha Negros, na sasa tunaishi nyumbani kwa mama yake pamoja na mtoto wetu wa miaka mitatu.

Sina malalamiko juu ya mapokezi. Mama mkwe alipojua kwamba sili nguruwe, alianza kunitengea sahani yangu ya samaki kila penye sherehe, na huku sherehe hazikauki. Ukimkuta mtu barazani anakula atakwambia "Kaon ta", nami husikia kabisa ile "karibu tule" ya kwetu. Watoto wa mtaani wananiita "Negro" kwa sauti kubwa kila nikipita, jambo ambalo bado linanichoma, ingawa wazazi wao wananiambia kwamba hawana nia mbaya.

Kinachoninyima usingizi ni nyumba. Mama mkwe ametuonyesha sehemu ya kiwanja nyuma ya nyumba yake na kusema tujenge hapo. Ardhi yote ni ya marehemu baba yake, aliyeacha watoto wanne, na wawili kati yao hawaishi hapa. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ameshachimba mashimo ya msingi bila kuniuliza na amejitolea kusimamia mafundi. Akiba yangu yote ya Muscat inatosha nyumba moja ya matofali, na baada ya hapo sina kitu. Mke wangu nikimuuliza anaona nini, ananyamaza au anainua nyusi tu.

Naomba ushauri kwa waliooa au kuolewa huku: nijenge au nisubiri? Na nikisubiri, nitasemaje pasipo kumvunjia heshima mzee aliyenipokea kama mwanawe? Zaidi ya hayo, muhuri wangu wa kuingia nchini umebakiza miezi mitatu.

Mama Laguna

Pole, ndugu yangu. Mimi ni Mkenya, nimeolewa Los Baños katika mkoa wa Laguna, ambako wenzetu wengi wa Afrika Mashariki huja kusomea kilimo na utafiti wa mpunga. Nianze na hizo nyusi, kwa sababu nilipofika nilizisoma vibaya kwa mwaka mzima. Kuinua nyusi huku ni "ndiyo", lakini ni ndiyo yenye ngazi nyingi: inaweza kuwa "nakubali", na inaweza kuwa "nimekusikia, usinilazimishe kusema". Watu hawa hawamkatalii mkubwa wao uso kwa uso. Wana neno *hiya*, ambalo liko karibu sana na haya yetu, na mkeo akimwambia mama yake "hapana" mbele yako atakuwa amewaaibisha wote watatu. Kwa hiyo usiuhesabu ukimya wake kuwa ameridhika, wala usiuhesabu kuwa anakupinga. Mtoe nje ya nyumba ile, mwende pwani Dumaguete jioni mkakae kule Rizal Boulevard, umuulize mkiwa wawili.

Jambo la pili ni *utang na loob*, deni la moyoni. Ukipewa msaada mkubwa unabaki na wajibu usio na tarehe ya kumalizika wala kiasi kinachojulikana. Mama mkwe amekupa makazi na kumlea mtoto, kwa hiyo ukoo unakuona kama mtu ambaye kujenga kwake ni jambo la kawaida. Simwoni kuwa mtu wa hila. Anafanya kile ambacho mama yake alifanyiwa na ndugu waliokuwa wakitoka Hawaii na Ghuba wakiwa na fedha. Lakini akili yako isiache kuhesabu kwa sababu moyo umeshukuru.

Kuhusu watoto, simama siku moja uwaambie jina lako kwa Kibisaya, lugha ya hapo kwenu, na kesho yake uwaulize wanalikumbuka. Mimi ilinichukua wiki mbili. Wakubwa wa baa ya pembeni walinichukua mwaka.

Bwana Hati

Mpwani, nilikaa Cebu, kisiwa jirani na chenu, kwa miaka sita na nitakwambia bila kupamba. Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1987, ibara ya 12, haimruhusu mgeni kumiliki ardhi isipokuwa kwa njia ya urithi. Unaweza kumiliki chumba katika jengo la ghorofa, mradi sehemu ya wageni katika jengo zima isizidi asilimia 40, lakini kiwanja huwezi, hata ukiwa umeoa.

Wengi hudhani kwamba wakinunua kwa jina la mke na kutunza risiti, siku ya ugomvi mahakama itawarudishia fedha. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ilimkatalia Mjerumani mmoja aliyekuwa ameuza nyumba aliyorithi kwao ili anunue kiwanja na kujenga Antipolo kwa jina la mkewe. Alipoomba arudishiwe gharama, mahakama ilisema kwamba alijua tangu mwanzo kuwa Katiba inamkataza. Mwaka 2012 Mholanzi naye alipata jibu kama hilo, na viwanja vyake vilikuwa hapo hapo Dumaguete.

Tena wewe uko nyuma ya hao, kwa sababu mke wako mwenyewe bado hana hiyo ardhi. Mwenye jina ni babu aliye kaburini. Mpaka watoto wake wanne, au warithi wao, wagawane mirathi kwa maandishi, kodi ya mirathi ilipwe, na hati mpya itoke kwa Msajili wa Hati, mama mkwe anakugawia kitu ambacho ana sehemu yake tu. Hata wale ndugu zake wawili walio mbali wana haki juu ya kila futi ya hayo mashimo. Ikiwa hawana ugomvi, wanaweza kugawana bila kesi, kwa hati ya makubaliano iliyothibitishwa na mwanasheria na kutangazwa gazetini mara moja kwa wiki kwa wiki tatu mfululizo.

Kwanza kabisa, uliza kama kuna hati miliki au kuna *tax declaration* peke yake. Hiyo ya pili ni karatasi ya kodi, na vijijini watu huitunza kabatini kwa miaka mingi wakiamini kuwa ndiyo hati.

Mla Kisamvu

Mimi sielewi mjadala huu. Rudi Tanga ujenge kwenu, mke akufuate.

Mpwani wa Negros

Mla Kisamvu, nimekusikia, ila mama mkwe ana miaka 71 na kisukari, na mke wangu ndiye binti pekee aliye karibu. Tulihama Muscat kwa ajili yake.

Bwana Hati, maneno yako yamenitoa jasho. Jana nilifanya kama alivyosema Mama Laguna, tukashuka mpaka pwani. Mke wangu alilia. Alisema kwamba tangu siku mashimo yalipochimbwa amekuwa akiogopa, kwa sababu mjomba wa Cebu aliwahi kugombana na mama yake juu ya minazi ya kiwanja hicho hicho, mpaka wakapelekana kwa kapteni wa barangay, yaani mwenyekiti wa mtaa. Karatasi iliyopo ni ya kodi tu, tena ina jina la babu.

Shemeji wa Bohol

Nami niseme, maana nilijenga. Mwaka 2019 nilisimamisha nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja cha wakwe katika kisiwa cha Bohol. Tarehe 16 Desemba 2021 kimbunga Odette kilichukua paa lote na ukuta mmoja. Nyie wa mkoa wa Negros Oriental mnakijua, kwani kilipita kwenu usiku ule ule. Nilipotaka kurudishia paa ndipo niligundua kwamba shemeji zangu wana mawazo yao juu ya nyumba hiyo: mmoja alitaka chumba, mwingine alitaka ukumbi uwe wa videoke, yaani wa kuimbia nyimbo. Hakuna aliyenidhulumu. Walikuwa wanazungumza juu ya nyumba ya kwao, na kweli ilikuwa ya kwao.

Mara ya pili nilitumia hesabu tofauti. Nilijiuliza: nikipanga mjini kwa miaka mitatu nitatumia kiasi gani? Kiasi hicho ndicho nilichojengea nyumba ndogo ya mbao na kuta za mianzi ya kusuka, nikakitoa moyoni siku ile ile, kama kodi niliyolipa mapema. Ikidumu miaka kumi ni faida, na siku nikiambiwa niondoke sitaondoka na kesi. Kile ambacho usingeweza kukitoa kama zawadi, usikimwage kwenye zege.

Shemeji yako aliyechimba mashimo, mtafutie nafasi. Kijana asiye na kazi akiona shemeji ametoka Ghuba, ujenzi kwake ni ajira. Ukifuta ujenzi bila kumfikiria, umemfuta na yeye. Na kama unakosa ugali, wewe uko mahali pema: Wabisaya wengi wa Negros Oriental na Cebu hula mahindi meupe yaliyopaazwa badala ya wali. Omba sokoni *bugas mais*, usage tena nyumbani, ugali utashika.

Mama Laguna

Niongeze juu ya muhuri. Bila shaka uliingia pamoja na mkeo kwa haki ya balikbayan, yaani ya Mfilipino anayerudi kwao, ambayo humpa mwenzi wa Mfilipino mwaka mmoja bila viza. Usingoje wiki ya mwisho. Nenda ofisi ya Uhamiaji ya Dumaguete mapema ukaombe kuongezewa muda. Viza ya ndoa, inayoitwa 13(a), huanza na mwaka mmoja wa majaribio, na sharti lake mojawapo ni kwamba nchi yako nayo iwe inawapa Wafilipino haki kama hiyo ya ukaazi. Swali hilo la Tanzania liulize Uhamiaji wenyewe kabla ya kumlipa wakala hata peso moja, kwa sababu wakala atakwambia "inawezekana" kwa kila pasipoti.

Na neno kwa mama mkwe lisitoke kinywani mwako. Limtoke mkeo, na lihusu mtoto. Amwambie: "Tunataka mjukuu wako awe na ardhi isiyo na ugomvi, kwa hiyo tuanze na karatasi za babu." Mtoto wenu ni raia kwa mama yake, anaruhusiwa kumiliki. Hapo hujamkatalia mzee, umemwomba kitu kikubwa zaidi.

Mpwani wa Negros

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, kwani si vizuri kuomba ushauri halafu mtu akapotea.

Mke wangu alizungumza na mama yake Jumapili baada ya misa, mimi nikiwa jikoni nakuna nazi na kujifanya sisikii. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe amekuwa akiogopa kufa kabla ya karatasi hizo kutengenezwa, ila hakuwa na fedha za mwanasheria na aliona haya kuniomba. Nimekubali kulipia gharama za mirathi, kiasi ambacho nimekitoa moyoni kama alivyosema Shemeji wa Bohol. Mjomba wa Cebu atakuja mwezi ujao, na kikao kitafanyika mbele ya kapteni wa barangay ili kila mmoja asikie.

Sisi tumepanga nyumba ya vyumba viwili, dakika kumi kwa *habal-habal*, bodaboda ya huku, na mama mkwe anakuja kila asubuhi kumchukua mjukuu. Shemeji nimemnunulia pikipiki ya mkopo ya kubebea abiria, na ananirudishia kidogo kidogo, wiki nyingine akiruka.

Mashimo ya msingi bado yapo. Mama mkwe amepanda migomba humo.