Tupeane uzoefu: waliokuja "kuona nyumba" wakaondoka na vitu

Binti wa Bombo
Asalaam aleikum wadau, na wengine wote hamjambo. Mama yangu anauza nyumba yake ya Kisaasi, hapa Kampala, ili arudi Bombo kwa dada yake. Ndani ya wiki tatu tumepokea watu kumi na mmoja, wote wameletwa na madalali. Juzi mama alialikwa nikaha, akateremsha kopo la maziwa ya unga anamoficha bangili zake nne za dhahabu, za mahari. Kopo liko palepale juu ya kabati, kifuniko kimebanwa, ukilitikisa linalia. Kufungua, mna vijiko viwili vya chai. Vyetu wenyewe, vya ile seti tunayowawekea wageni.

Kwa hiyo hatujui hata ziliibwa siku gani. Mliowahi kuuza nyumba, vitu vyenu mliviweka wapi? Naomba yaliyowakuta, nasaha za jumla ninazo tele.

Fundi wa Jinja
Pole dada, na mama umpe pole. Yangu ilianzia kwenye picha. Nilimruhusu dalali apige picha za sebule azitume kwenye makundi ya WhatsApp. Akapiga kila kitu: televisheni, spika, pikipiki barazani, mpaka dirisha la stoo lisilo na nondo. Waliokuja usiku hawakuhangaika na mlango wa mbele, walikwenda moja kwa moja stoo. Nyumba ya pili nilipiga picha mwenyewe, vyumba vitupu, kuta na dari tu. Dalali akanung'unika kwamba nyumba bila samani haivutii. Ikauzwa hivyohivyo.

Mama Twaha
Kwangu ni ufunguo. Nilikuwa nafanya kazi Entebbe, nyumba iko Bweyogerere, nikamwachia dalali ufunguo siku mbili. Akaurudisha kwa heshima zote. Baadaye ndipo yaya wa jirani akaniambia alimwona kijana wa dalali akiugandamiza kwenye kipande cha sabuni ya kufulia. Ulipita mwezi mzima, nimeshasahau, ndipo mtungi wa gesi, cherehani na magauni yangu matatu ya gomesi vikatoka ndani bila kufuli kuvunjwa. Polisi wakaniuliza mara tatu kama nina hakika sikumpa mtu ufunguo. Aibu niliyoiona! Siku hizi ufunguo ukirudi, kufuli linabadilishwa jioni ileile.

Mzee wa Kibuli
Wanangu, ninyi mnalia na mitungi na bangili, mimi nililia na kyapa, yaani hati ya ardhi. Mnunuzi alikuja na gari zuri, suti, anaongea kama wakili. Akasema anaomba hati akatoe nakala dukani hapo chini, aende nayo kufanya uhakiki. Dakika kumi tu, mzee. Kweli akarudi, nikaipokea, nikaifungia sandukuni bila kuitazama. Miezi miwili baadaye wakili wa mnunuzi mwingine akaishika dirishani, akaigeuza kwenye mwanga, akanitazama. "Mzee, hii ni fotokopi ya rangi."

Sasa sikilizeni. Mtu wa kufanya uhakiki hahitaji hati yako halisi. Mpe namba ya bloku na ya ploti, aende ofisi ya ardhi ya eneo lenu, alipe ada, apewe majibu yake. Mimi ilinibidi niende polisi, niape kiapo, niweke kaveti, yaani zuio kwenye daftari la ardhi, ili yule bwana asihamishe umiliki, ndipo niombe cheti maalumu badala ya hati iliyopotea. Na hicho hakitoki upesi, maana sheria inataka kwanza tangazo katika Gazeti la Serikali kwa muda usiopungua mwezi mmoja. Wakati wote huo nyumba imekwama na wanunuzi wanakimbia. Mnacheka mkiona ukuta umepakwa maandishi makubwa kwamba nyumba haiuzwi, lakini hapa Kampala nyumba yako huuzwa na wewe umo ndani umelala.

Kijana wa Arua
Tusiwabebeshe madalali mzigo wote. Kwetu mwizi alikuwa binamu aliyekuja kutusaidia kufungasha. Sitaki kuongeza.

Afande Mstaafu
Nimekaa kaunta ya polisi miaka mingi, hawa nawajua. Huja watatu au wanne kwa sababu wewe uko mmoja. Huyu anaomba maji, huyu anabishana bei, yule anauliza choo kiko wapi. Nilipouza yangu ya Mukono nilimwita mwanangu na shemeji yangu, kila chumba kina mtu wake, na kila mgeni aliandika jina kwenye daftari na kuonyesha ndagamuntu, kitambulisho cha taifa, getini. Wawili waligeuza boda palepale. Arubuni pia usiipokee taslimu ukalala nayo ndani, ipite benki.

Binti wa Bombo, swali la kipolisi, mwanangu: vijiko vilianza kupungua lini?

Binti wa Bombo
Afande, swali lako limetukosesha usingizi. Mama amekumbuka. Kuna Jumamosi walikuja mume, mke na "shemeji" yao asubuhi, wakanywa chai. Jioni wakaja wengine, na mama akamkorogea mgeni chai kwa kijiko cha supu, akimgombeza yaya kwamba vijiko amevimwaga na maji ya vyombo. Basi ni wale wa asubuhi. Yule yaya alilia siku hiyo, na leo mama amemwomba radhi na kumpa kitenge. Simu ya dalali aliyewaleta haipatikani. Tumeandikisha maelezo polisi, vijiko vyenyewe wamebaki navyo, na mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu, tumempa majina waliyotuambia, ambayo bila shaka si yao.

Kesho saa nne anakuja mnunuzi mwingine. Hati iko kwa wakili, mjomba atakaa chumbani kwa mama, mwenyekiti ameahidi kupita. Nilishauri tusipike chai. Mama amekataa kabisa, mgeni hatoki kwake na koo kavu. Ila sukari itakorogwa hukohuko jikoni.