Leo Rosten: nianze na Kaplan au The Joys of Yiddish?

Mtoto_wa_Makorora: Wakuu, naomba ushauri. Nimenogewa na huyu Leo Rosten, mcheshi aliyewazoesha Wamarekani maneno ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Kwa muuza vitabu vya mtumba nimeona viwili: kile cha mwanafunzi Hyman Kaplan (1937) na The Joys of Yiddish (1968). Pesa inatosha kimoja tu.

Kalamu Kavu: Kaplan, tena bila kupepesa macho. Rosten alizaliwa Łódź, Poland ya leo, mwaka 1908, akakulia Chicago. Kwenye mdororo wa uchumi wa miaka ya 30 alifundisha wahamiaji Kiingereza katika shule ya usiku, na humo ndimo alimowaokota akina Kaplan. Jamaa anaandika jina lake kwa rangi nyekundu, na kati ya herufi na herufi anatia nyota ya kijani. Kazi imejaa makosa, lakini nyota hazikosekani! Hadithi zilianza kutoka kwenye The New Yorker kwa jina la bandia, Leonard Q. Ross.

Bi Mwanakombo: Mwanangu, usimsikilize. Utamu wa Kaplan uko kwenye Kiingereza anavyokivuruga. Kama chako ni cha kuombea kazi tu, utachoka ukurasa wa 20. Chukua kamusi. Tazama neno chutzpah. Rosten hakuandika "ufidhuli" akapita. Anakuletea mtu aliyewaua baba na mama, kisha akaiomba mahakama imhurumie kwa kuwa ni yatima. Neno hilo utalisahau vipi?

Fundi Redio: Na ile shm- jamani! Ukitaka kulidharau neno, lirudie ukianza na shm: daktari-shmaktari. Juzi nimemjibu mke wangu "bajeti-shmajeti". Nimelala na njaa.

Kalamu Kavu: Haya, ila mjue ile si kamusi ya Kiyidi. Ni ya Kiyidi kilichohamia kwenye Kiingereza, na Rosten mwenyewe analisema hilo mwanzoni kabisa. Kiyidi chenyewe huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kulia kwenda kushoto. Kwa kitabu kile hutaweza kusoma hata kibao cha duka.

Bi Mwanakombo: Kwani mtoto kasema anataka kusoma vibao? Anataka kucheka.

Mtoto_wa_Makorora: Shikamoo Bi Mwanakombo, umeshinda, ingawa kwa bahati: nimefika, Kaplan ameshanunuliwa. Kamusi nimepunguziwa bei kwa sababu kurasa za herufi S zimemwagikiwa chai. Zimegandana, nikazibandua taratibu nikiwa kwenye daladala. La kwanza kusomeka: shlemiel ndiye anayemwaga supu, shlimazl ndiye anayemwagikiwa. Muuzaji hajasema chai ilikuwa ya nani.

Fundi Redio: Chai-shmai.