Kujifunza kuchora kwa simu kupitia vitu vya makumbusho, naanzaje? Niko Bagamoyo

nakshi_bwagamoyo
Wakuu habari za leo, naombeni muongozo. Nachora kwa penseli na wino tangu shule, sasa nataka kuhamia kwenye simu maana wateja wa tisheti na kava wanataka faili, hawataki karatasi. Simu ni Android ya kawaida ramu GB 4, na nina ile kalamu ya kichwa cha mpira. Nimeona makumbusho makubwa ya nje yameweka picha za vitu vyao mtandaoni bure, unazoomu mpaka unaona nyufa, na huku kwetu kuna milango ya Mji Mkongwe, kuna magofu ya Kaole, kuna makumbusho ya misheni, yaani vya kuangalia vipo tele. Shida ni kwamba nikifungua picha nzuri naishia kupitisha laini juu yake, inatoka safi, ila kesho yake ukiniambia nichore kitu kama kile bila picha mkono hauna kitu. Hapo mnafanyaje? Na hizo picha naruhusiwa kuzitumia kwenye tisheti ya kuuza au ni kesi?

wino_mkavu
Kwa simu hiyo weka app ya kuchora ya ibisPaint, inatosha kabisa kujifunzia. Sketchbook nayo ni ya bure. Ukija kupata laptop hamia Krita, haina hata shilingi. Kama kazi ni ya kuchapa anza na turubai ya pikseli 2480 kwa 3508, hiyo ni A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), ukianza na ndogo ukaja kuivuta baadaye itatoka imepasuka pasuka. Ila ujue turubai kubwa inakula ramu, leya (yale matabaka ya mchoro yanayokaa moja juu ya jingine) zitapungua, so ukimaliza hatua unganisha leya zilizokwisha. Na hiyo kalamu ya mpira haisomi mkandamizo wa mkono, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya brashi uweke laini inayochongoka mwanzo na mwisho, la sivyo laini zako zote zitakuwa nene sawasawa kama waya.

mkono_wa_pwani
Mdogo wangu, kupitisha laini juu ya picha kunazoeza mkono tu, jicho linabaki nje ya kazi. Nakupa zoezi la hapo hapo kwenu. Nenda Kaole usimame mbele ya makaburi ya nguzo, angalia zile sehemu za mviringo zilizobonyea kwenye nguzo, humo zamani zilipachikwa bakuli za kauri za Kichina, bakuli hazipo tena limebaki tundu. Ichore nguzo kwa penseli pale pale, simu iache mfukoni kwanza, pima kwa macho tundu linaingia mara ngapi kwenye upana wa nguzo. Ukimaliza ingia kile chumba cha makumbusho hapo hapo uangalie vigae vya vyombo.

Ukirudi nyumbani fungua tovuti ya Metropolitan Museum ya New York, tafuta bakuli za enzi ya Ming, zile nyeupe zenye michoro ya bluu. Sisemi ndizo zilizokuwa Kaole, ila utapata picha ya aina ya kazi. Chagua moja tu uizoomu mpaka mwisho. Hiyo bluu ni kobalti, fundi aliipaka kwa brashi kwanza ndipo ikaja glezi, ule mng'ao kama kioo, juu yake ikachomwa, sasa angalia pale rangi ilipojaa imekolea mpaka inakaribia weusi na pale brashi ilipoanza kukauka imepauka. Ukishaliona hilo hutakuja kumwaga bluu moja bapa kwa ile zana ya ndoo ya rangi, utashusha opasiti ya brashi (ukolevu wake, ili kilicho chini kionekane) na kupita mara mbili mara tatu pale panapotaka kukolea.

Halafu funga picha. Ifunge kabisa! Chora bakuli ndani ya lile tundu la nguzo yako kwa kukumbuka, kwenye leya yake peke yake. Ukikwama fungua uangalie pale ulipokwama tu, funga, endelea. Utaona inakera sana mwanzoni lakini hapo ndipo kichwa kinapoanza kushika, na kazi itakayotoka ni yako maana nguzo umeipima mwenyewe na bakuli umeiweka wewe.

dada_wa_ngamiani
Niko Tanga, na sisi tuna Tongoni barabara ya Pangani, makaburi ya nguzo yapo pia japo nguzo nyingi zimeanguka, zoezi la kaka hapo juu linafaa kabisa hata kwetu. Ila kwenye nakshi za milango mimi natofautiana naye kidogo, hapo kupitisha laini kunasaidia ukichukua MIFUPA tu. Piga picha ya mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, ukiwa umesimama mbele yake sawasawa, iweke leya ya chini opasiti kama 30, juu yake chora mstari wa kati, maduara, na mahali ua linapoanza kujirudia. Basi, futa picha. Majani na petali jaza mwenyewe.

Rula ya simetria, ile zana ya app inayorudia laini yako upande wa pili, itakuita sana, itumie kwa mifupa tu. Mlango umechongwa kwa mkono, ua la tatu halilingani na la nne, moja limebanwa kidogo ili litoshe, ukichora moja ukalinakili mlango mzima linakufa. Mimi nikitaka kujua nakshi nimeielewa naipeleka kwenye pindo la kanga. Kwenye mstari mnyoofu kila mtu anaweza, shida iko kwenye kona, pindo likigeuka ua linakatika au linabaki nusu, na usipoelewa limejengwaje huwezi kuligeuza.

nakshi_bwagamoyo
Ahsanteni sana jamani, la kona sikuwahi kuliwaza kabisa. Dada hapo kwenye kona unaanza na kona au na mstari?

dada_wa_ngamiani
Kona kwanza mdogo wangu, zote nne, halafu unajaza katikati.

hati_na_haki
Naona la tisheti halijajibiwa. Inategemea makumbusho na inategemea kitu chenyewe. Met, yaani hiyo Metropolitan ya New York, tangu Februari 2017 picha za kazi ambazo hakimiliki yake imeisha wameziachia chini ya leseni ya CC0, unatumia hata kibiashara bila kuomba. Makumbusho ya Smithsonian ya Marekani walifuata Februari 2020 na picha milioni 2.8 kwa kuanzia. Art Institute of Chicago nao wana nyingi za CC0. British Museum ni tofauti, picha nyingi walizoweka mtandaoni ni za matumizi yasiyo ya biashara, kujifunzia sawa ila usiichape hiyo picha kwenye tisheti ukauza bila kuomba kibali chao. Na hata kwenye tovuti ya Met sio kila picha ni huru, za wasanii wa juzi juzi bado zina wenyewe, kwa hiyo angalia alama chini ya kila picha kabla hujaishusha. Jiwekee tabia ya kuandika jina la kitu, namba yake ya makumbusho na leseni kwenye faili moja, mteja akiuliza umetoa wapi unamwonesha. Kwa Kaole na misheni ukitaka kupiga picha za kazi ya biashara uliza pale mapokezi kabla hujaanza, taratibu zao wanazijua wenyewe.

wino_mkavu
Na faili la tisheti lihifadhi PNG isiyo na usuli, zima leya nyeupe ya chini kabla hujahifadhi. Ukimpelekea mchapaji JPG utapata kiboksi cheupe kifuani.