Utenzi wa beti 480 kwa Kiamu (lahaja ya Lamu): nianze na nakala ngapi?

Langoni: Assalamu alaykum wajuzi. Nataka kuanza uchapishaji mdogo wa vitabu hapa Amu. Cha kwanza ni utenzi wa beti 480. Mtungaji yu hai na ameridhia. Mtaji ni shilingi laki moja. Nichape nakala ngapi, niuze bei gani, na watu hupotezea pesa wapi?

Chapa_Malindi: Waalaykum salaam. Kabla ya kumwendea mpiga chapa, hesabu kurasa. Vipande vinne vya kila ubeti vikipangwa chini kwa chini, ukurasa wa A5 hubeba beti 6, basi ni kurasa 80. Ongeza 16 za jina, utangulizi na faharasa ya maneno: 96. Ubeti usikatwe katikati ukaangukia ukurasa wa pili.

Utashauriwa upange vipande viwili kwa mstari ili kuokoa karatasi. Kitabu kitabaki na kurasa 64, mgongo milimita 3, jina halikai, na kitafungwa kwa pini. Pini kwa hewa ya chumvi ya Amu hushika kutu, na kutu hula karatasi. Bora 96 kwa gundi, mgongo kama milimita 5 kwa karatasi ya gramu 80.

Hesabu sasa. Tuseme umepewa bei ya 180 kwa nakala. Nakala 300 ni 54,000. Uhariri na upangaji 30,000, usafiri 4,000: jumla 88,000. Ukiuza kila nakala kwa 700, duka likakata asilimia 35 na mtungaji akapata asilimia 10, mkononi mwako inabaki 385. Gharama hairudi mpaka uuze nakala 229. Toa 20 za bure uone ulivyobanwa. Ukiuza kwa bei ya 400 umeshazama. Na kwa nakala 300 chapa kwa dijitali, moja kwa moja kutoka kompyuta. Ofseti, chapa ya mabamba ya chuma, ina gharama ya bamba, haikufai.

Mhariri wa Tenzi: Hasara kubwa zaidi haimo kwenye hesabu hiyo. Ni mhariri asiyejua Kiamu. Akikutana na "mato" ataandika "macho", na kina kilichokuwa kimekaa na "kito" na "mto" kimekufa. "Moya" ataifanya "moja", "ndia" ataifanya "njia". Programu ya kusahihisha tahajia hufanya hayohayo kimyakimya, izime kabisa. Maana za maneno hayo ziweke kwenye faharasa nyuma. Kisha mtu asome kwa sauti, mwingine ahesabu mizani (silabi) 8 kila kipande. Masikio hukamata ambacho macho yamepita.

Langoni: Shukrani sana. Na karatasi za serikali je?

Mokowe_Jetini: Sajili jina la biashara kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. ISBN, namba ya kutambulisha kitabu, huombwa Huduma ya Maktaba ya Taifa, na toleo la simu lina yake mbali na la karatasi. Msajili wa Vitabu na Magazeti hupelekewa nakala mbili. Na mtungaji muandikiane, hata kama ni mjomba wako: haki zipi, miaka mingapi, mrahaba (fungu la mtungaji) juu ya bei ya jalada au ya pesa iliyoingia. Hapo kwenye mrahaba ndipo wengi hugombana.

Mzigo: kitabu hiki ni kama gramu 135, kwa hiyo 300 ni kilo 40 tu. Gawa maboksi manne, kila moja kwenye nailoni ndani ya boksi, si juu yake. Wimbi likiruka kwenye boti kutoka Mokowe, gati ya bara, boksi likilowa vitabu vibaki vikavu. Nyumbani viinue juu ya mbao, mbali na ukuta wa matumbawe, maana ukuta huo hutoa unyevu na jalada hujikunja.

Madukani utaombwa mali kauli, yaani wakulipe baada ya kuuza. Acha nakala 10, usizidishe, kwa risiti yenye tarehe na sahihi, na rudi baada ya siku 30. Nakala za kutosha ziweke kwa ajili ya Maulidi, wageni wanapojaa, uziuze mwenyewe bila kukatwa ile asilimia 35.

Chapa_Malindi: Na usiruhusu mashine iwake kwa 300 kabla hujashika nakala moja ya mfano iliyofungwa kwa gundi. Ifungue katikati kabisa: maneno yakimezwa na mgongo, ongeza pambizo ya ndani ifike milimita 20.