Premio 240: mipira ya 14 au 15? Na Leaf ya kilowati-saa 24 je, inafaa Pemba?

WeteBandarini
Assalaam alaykum wadau. Gari ni Toyota Premio 240 yenye injini ya 1NZ, iko Pemba. Kibandiko cha mlango wa dereva kinasema 185/70R14 88S. Mipira ya mbele imelika upande wa ndani hadi inakaribia kipara, ya nyuma kashata (meno ya mpira yanayokanyaga lami) bado ziko juu lakini ubavuni ina nyufa. Dukani kuna njia mbili: ring (rimu) za inchi 15 pamoja na mipira 195/65R15 ya mtumba kutoka Japani, au mipira mipya ya ring 14. Wanasema 15 inanyanyua gari.

La pili, kuna Nissan Leaf ya 2013, gari ya umeme, inauzwa, betri ya kilowati-saa 24, na muuzaji anasisitiza ina vijiti 12 kamili (alama za dashi zinazoonesha uzima wa betri). Safari ni Wete–Chake kila siku, kwenda na kurudi kama kilomita 60, mara moja moja Mkoani. Ikiwa nitahamia kwenye Leaf, mipira ya Premio nitahama nayo? Na hii gari itahimili?

FundiMipira_Unguja
Waalaykum salaam ndugu yangu. Kabla hujatoa senti moja ya mipira, shughulikia huko mbele kwanza. Mpira unaolika ndani upande mmoja tu hauna kosa, unaukuta msiba. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Ikiwa kwenda ni laini na kurudi ni makali kama meno ya msumeno, alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) imetoka, magurudumu yanakokotwa kwa ubavu. Inua gari kwa jeki, shika gurudumu saa tatu na saa tisa ulitikise: likicheza, tazama tairodi (fimbo inayovuta gurudumu kutoka kwenye usukani). Shika saa sita kwa juu na chini: likicheza, ni boli jointi au beringi. Bushi za ami za chini zikipasuka, alaimenti utakayofanya leo haifiki mwezi. Badilisha kilichokufa, halafu mipira, halafu alaimenti. Kwa mpangilio huo huo.

Sasa saizi. Hesabu ni nyepesi: kwenye 185/70R14, upana ni milimita 185, ubavu ni asilimia 70 ya upana, ring ni inchi 14. Upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, ongeza ring mara 25.4.

185/70R14 ina kipenyo cha milimita 615.
195/60R15 nayo ni 615.
195/65R15 ni milimita 634.5.

Kwa hiyo ukitaka ring 15 kwenye 240, saizi yake ni 195/60, si 195/65. Hiyo 195/65 inazidi kwa asilimia 3 na kitu. Mita ikikwambia 100, wewe uko 103. Gari itanyanyuka kweli, lakini kwa milimita 10 tu, kwa sababu nusu ya tofauti ndiyo inayokwenda chini. Na ukikata usukani mpaka mwisho huku umepakia watu watano, inaweza kusugua plastiki ya ndani ya fenda. Milimita kumi kwa bei hiyo sioni faida.

Ring za 240 ni matundu 5 kwa 100, yaani matundu 5 ya nati kwenye duara la milimita 100. Asije mtu akakuuzia za matundu 5 kwa 114.3 akasema "zinaingia ukikaza". Haziingii.

Mimi ningebaki na 14. Ubavu mrefu wa 70 unameza kingo za lami iliyovunjika na yale mawe ya matumbawe ya njia za ndani. Wa 60 unaruka, na ukigonga ukingo nyuzi za ndani zinakatika, kesho yake unaona nundu ubavuni. Mpira wenye nundu haupozwi, haubandikwi, hauwekwi hata spea.

NatiNaSpana
Naongezea kwenye mtumba, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Tafuta herufi DOT ubavuni, mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya kiduara cha yai. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Huwa iko upande mmoja tu wa mpira, kwa hiyo mwambie muuzaji augeuze. Raba inakufa kwa jua na joto hata kama haikutembea, ndiyo maana ya nyuma kwako ina nyufa na kashata zimejaa. Ikishapita miaka 6 ikaguliwe kila mara, ikifika 10 itupwe hata iwe inang'aa. Mng'aro wenyewe mara nyingi ni dawa ya kupaka.

Pili, soma ubavu wote. Ukiona neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye kinyota cha theluji ndani yake, acha. Hiyo ni mipira ya baridi ya Japani. Utaijua hata bila kusoma: kila kashata imekatwakatwa vimistari vyembamba vya mawimbi, na ukibonyeza kwa ukucha ni laini kama kifutio. Imetengenezwa kwa barafu. Kwenye lami ya joto la huku inaliwa haraka, gari inayumba kwenye kona, na masika breki inachelewa kushika. Wauzaji wanaipenda kwa sababu kashata zake ni ndefu, na mnunuzi anatazama kashata.

Tatu, namba 88 kwenye kibandiko chako ni uzito: kilo 560 kwa mpira mmoja. Ukipewa 82 ni kilo 475. Usishuke chini ya kibandiko. Herufi ya mwisho ni kasi, S ni 180, T ni 190, H ni 210. Huku hiyo isikushughulishe sana.

Siku ya kufunga, dai valvu mpya, ni kitu cha bei ndogo. Na kama ring ni za alumini, mwambie fundi asugue ukingo kwa brashi ya waya kabla ya kuvisha. Chumvi ya bahari inafanya unga mweupe pale raba inapokaa, upepo unapungua kidogo kidogo, halafu watu wanalaumu msumari ambao haupo. Dawa yao ya mtaani ni kutia tyubu kwenye mpira usiotaka tyubu. Usikubali: tyubu inasuguana, inapata joto, na ikipasuka upepo unatoka wote kwa mpigo.

Nati za Toyota zikazwe kwa msalaba, si kwa mzunguko, nguvu yake nyutoni-mita 103.

VoltiMiaTatu
Nijibu la Leaf. Mipira haihami. Leaf inachukua 205/55R16 91V, matundu 5 kwa 114.3. 91 ni kilo 615. Usiivishe mipira yenye namba ndogo ya uzito kwa sababu tu iko rahisi, gari ile tupu inakaribia tani moja na nusu. Ya mbele ndiyo inayoliwa kwanza: mota inasukuma mbele kwa nguvu yote tangu inapoondoka, na ukiachia mguu mota hiyo hiyo inazuia kupitia mbele. Ya mbele iende nyuma na ya nyuma ije mbele kila kilomita 8,000. Upepo 36 psi, yaani 250 kPa.

Haina spea. Ndani yake utakuta chupa ya gundi na pampu tu. Gundi ile haizibi ubavu uliochanika, na usiku katikati ya njia ya Mkoani hutaki kuligundua hilo. Tafuta ring ya Nissan, kwa mfano ya X-Trail T30 ya 16, kisha uivishe 205/55R16. Ya Noah ina matundu sawa lakini tundu la katikati ni milimita 60.1, na habu ya Leaf (kitovu ring inapokaa) ni 66.1, haikai. Nati pia usichanganye: Nissan ni 12 kwa 1.25 (unene wa milimita 12, nafasi ya uzi 1.25), Toyota 12 kwa 1.5. Ukilazimisha unaharibu stadi. Na umwambie fundi wa pancha jeki iende kwenye kingo za pembeni zenye alama. Chini katikati yote ni betri.

Betri sasa. Leaf haina maji ya kuipoza, inapozwa na hewa tu, kwa hiyo nchi ya joto inaitafuna. Vijiti 12 kwenye gari ya 2013 mimi navitilia shaka. Kijiti cha kwanza kinaondoka uwezo ukifika kama asilimia 85, kisha kimoja kila asilimia 6 na robo. Lakini kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, vijiti vikarudi vyote kwa muda, gari ikauzwa.

Usibishane na muuzaji, pima. Endesha mpaka dashi iseme asilimia 20. Chomeka usiku kwenye nyumba yenye mita ya Tukuza (umeme wa kulipia kabla), zima friji na feni, andika uniti zilizobaki; uniti moja ni kilowati-saa moja. Ikifika 80 chomoa, andika tena. Betri mpya ya 24 inatumika kama kilowati-saa 21.5, hivyo asilimia 60 yake pamoja na kinachopotea njiani ni kama uniti 15. Ikichukua pungufu, betri nayo ni pungufu kwa kiwango hicho hicho.

Kilowati-saa moja inakupa kilomita 6 hadi 7 ukiwa mpole.

FundiMipira_Unguja
Na breki zake sheikh, usisahau.

VoltiMiaTatu
Kweli. Breki za Leaf zinakufa kwa kutotumika. Mota inafanya kazi yote, diski zinakaa na chumvi, pini za kalipa zinashika kutu. Mara moja kwa wiki tia N kwenye njia tupu, kanyaga breki kwa nguvu kutoka 60 hadi 10, mara tatu nne. Ukiwa N mota haizuii, kwa hiyo pedi zinasugua diski. Pini zitolewe na kupakwa grisi ya silikoni kila mwaka.

Umeme wa nyumbani: laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, waya wa milimita za mraba 4, na kikata umeme unaovuja (RCD) cha miliampea 30. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa saa kumi mfululizo inaweza kuyeyuka, anza na ampea 10, ambayo ni kilowati 2.3. Arthi iwe nzima, kebo ikikosa arthi inawasha taa nyekundu na haichaji, na watu wengi huku wanadhani kebo imeharibika.

WeteBandarini
Ahsanteni sana. Premio: tairodi ya kushoto inacheza, nimeagiza. Mipira mipya ya ring 14, 185/70 88T. Leaf nimeipima kama ulivyosema: kutoka 20 hadi 80, Tukuza imehesabu uniti 9. Mipira yake minne ina neno STUDLESS.

VoltiMiaTatu
9 toa kama asilimia 13 ya kupotea, zinabaki 7.8 zilizoingia. Gawa kwa 0.6 unapata 13. Hiyo ni asilimia 61 ya betri mpya. Dashi ingekuwa mkweli ingeonesha vijiti 8 au chini yake.

13 mara 6.5 ni kilomita 84, bila kiyoyozi na bila akiba. Wete–Chake na kurudi utafika ukiwa umebakiwa na robo hivi. Mkoani na kurudi, kama kilomita 120, huendi bila kuchaji huko, na kwa ampea 10 hiyo ni saa kadhaa umekaa unasubiri. Tena betri bado inashuka kila mwaka.

NatiNaSpana
Toa pia bei ya mipira minne ya 205/55R16 kwenye anachodai. Hiyo aliyonayo usiihesabu.