Pamanganeti imemwagika kwenye rafu ya mbao stoo ya maabara, naisafishaje na niihifadhi wapi?

stoo_ya_kemia
Wakuu habari za jioni. Nimekabidhiwa maabara ya kemia shule ya sekondari huku mkoani, aliyekuwepo kahama na hakuna makabidhiano yoyote zaidi ya funguo. Sasa stoo kila kitu kimepangwa kwa alfabeti, A mpaka Z, inapendeza kwa macho ila kuna kitu kinanikosesha amani. Kwenye P kuna chupa za potasiamu pamanganeti za nusu kilo, moja mfuniko umepasuka na unga umemwagika kwenye rafu, rafu yenyewe ya mbao na mbao imeshakuwa ya kahawia. Hapohapo pembeni kuna propanoni, kuna propanoli, na rafu ya juu yake kuna gliserini ya chupa ya plastiki. Mwenzangu mmoja ananiambia nimwagie vumbi la mbao la kwa fundi seremala nifagie liishe, ila mimi nimesita. Praktiko za fomu foo zinakaribia na tunaitumia kwenye titresheni (kupima ukali wa myeyusho kwa kudondoshea mwingine kidogokidogo). Naisafishaje, naiweka wapi, na hii ya zamani bado inafaa? Naombeni msaada wenu.

mzee_wa_bureti
Umefanya vizuri sana kusita, usimwage vumbi la mbao hapo hata kidogo. Pamanganeti ni kioksidishaji, yaani yenyewe haiungui ila ndani yake imebeba oksijeni, ikikutana na kitu kinachoungua inakilisha moto. Vumbi la mbao, karatasi, pamba, sukari, salfa, unga wa metali, spiriti, vyote hivyo kwake ni kuni.

Kabla hujagusa unga wenyewe kwanza itoe hiyo gliserini. Nasema kwanza kabisa. Gliserini ikidondokea pamanganeti moto unajiwakia wenyewe bila kiberiti, na kibaya zaidi hauwaki papo hapo, inakaa kimya kidogo mtu anadhani hakuna kitu, anainama kuangalia, halafu inafoka mvuke na mwali wa moto. Unga ukiwa laini inawahi zaidi kuliko ikiwa chembe kubwa. Chupa ya plastiki ya gliserini iko juu, ikivuja usiku hakuna mtu stoo, hesabu mwenyewe. Ukishaitoa hiyo toa na propanoni na propanoli, peleka kwenye kabati la vimiminika vinavyoungua.

Halafu ndio usafishe. Vaa glavu, miwani ya kinga, koti, na barakoa maana vumbi lake linachoma pua na koo. Fungua madirisha ila usiwashe feni, itakurushia. Unga mkavu ukusanye taratibu kwa kijiko au kizoleo cha plastiki kilicho safi na kikavu, weka kwenye chombo cha kioo kisafi, andika lebo TAKA – PAMANGANETI. Usiurudishe kwenye chupa yake, umeshachanganyika na vumbi la mbao na hujui kingine gani. Kinachobaki futa kwa kitambaa kilicholowa maji mengi, suuza kwenye ndoo, futa tena. Na hicho kitambaa usikitupe kwenye pipa la taka kikiwa na zambarau yake, kikikauka kinaweza kushika moto chenyewe, kisuuze mpaka maji yatoke meupe. Ule ubao ulionyonya mimi ningeung'oa kabisa. Mbao iliyolowa kioksidishaji ikakauka sio mbao tena ile unayoijua.

kijana_wa_pwani
Mbona mnamtisha mwenzenu, si ndio ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda? Bibi yangu alikuwa anaiweka kwenye beseni tunaloweka miguu. Duka la dawa wanauza kawaida tu.

nesi_maabara
@kijana_wa_pwani kaka ni hiyohiyo, ila ya kwenye beseni la bibi ilikuwa imezimuliwa sana. Kwa ngozi inatumika asilimia 0.01, yaani gramu 1 kwenye lita 10 za maji, rangi ya pinki hafifu. Chembe kavu au maji yake mazito yanaunguza ngozi kabisa, na ikiingia jichoni ni dharura, unamwagia maji safi yanayotiririka angalau dakika 15 huku kope zimefunguliwa halafu hospitali, sio kwanza utafute mwalimu wa zamu. Mtu akimeza usimtapishe, inaunguza inaposhuka na itaunguza tena inapopanda. Asukutue mdomo, awahishwe, na mwende na chupa au lebo ili daktari ajue anatibu nini.

Ule ukahawia unaobaki vidoleni hauna shida kubwa, osha mikono kwanza vizuri kwa maji, kisha maji ya vitamini C au ndimu yanautoa. Ila hayo ni ya doa, msije mkakamulia ndimu kwenye unga.

mwl_redoksi
Mwenye mada, tatizo lako kubwa naliona kwenye neno alfabeti. Mimi nafundisha kemia miaka mingi na kila stoo niliyoiona imepangwa kwa alfabeti ina maadui wamelala kitanda kimoja. Amonia nitreti na asetoni zote A. Pamanganeti na propanoli zote P. Alfabeti inamsaidia anayetafuta chupa, haijui kemikali gani inagombana na ipi. Panga kwa tabia kwanza: vioksidishaji peke yao (pamanganeti, nitreti, kloreti, daikrometi, ukiona lebo ina alama ya mwali wa moto juu ya duara ndio hao), vinavyoungua peke yao, asidi peke yao, besi peke yao. Ndani ya kila kundi sasa weka alfabeti yako, hapo sina ugomvi.

Pamanganeti isikae juu ya asidi wala chini yake. Ikikutana na asidi ya salfyuriki iliyokolea inatengeneza mafuta ya kijani kibichi ambayo yanalipuka, sio kuwaka, KULIPUKA. Ikikutana na asidi ya haidrokloriki iliyokolea inatoa gesi ya klorini, na stoo nyingi za shule kidirisha ni kimoja na kimebanwa na makabati. Wanafunzi nao waambiwe, maana wapo wanaochanganya ili waone rangi tu.

Rafu iwe ya chuma iliyopakwa rangi au hata sementi, kimo cha kifua au chini, chupa ikae ndani ya trei ya plastiki ili ikivuja isisambae. Pakavu, pasiwe na jua wala joto, kuanzia nyuzi 240 hivi inavunjika na kutoa oksijeni. Mfuniko uliopasuka usiuzibe kwa pamba wala karatasi, hamishia kwenye chupa ya kioo ya kahawia iliyo safi na KAVU, bandika lebo yenye jina, alama ya hatari na tarehe uliyohamisha. Chupa isiyo na lebo ni tatizo unalomwachia atakayekuja baada yako kama ulivyoachiwa wewe.

Kingine, angalia mtungi wako wa kuzimia moto. Moto wa kioksidishaji hauzimwi kwa kuunyima hewa maana hewa anayo mwenyewe. Gesi ya kaboni au poda haitakusaidia sana hapo, unataka maji, mengi. Ukiwa mkubwa toa watoto nje, funga mlango, piga 114.

stoo_ya_kemia
Asanteni sana wote, Mungu awabariki. Gliserini, propanoni na propanoli nimeshazihamisha jioni hiihii, kesho Jumamosi wanafunzi hawapo nitafanya usafi. Hizo taka nitakazokusanya nizimwage wapi? Kuna bwawa la samaki la shule nyuma ya maabara kwa hiyo mfereji naogopa.

mzee_wa_bureti
Bwawani hapana, inaua samaki. Kama ni kidogo, vijiko viwili vitatu, unaweza kuimaliza mwenyewe: iyeyushe kwanza kwenye maji mengi mpaka iwe hafifu, halafu ndio uongeze maji ya sodiamu metabaisalfaiti au vitamini C kidogokidogo huku ukikoroga mpaka zambarau ipotee yote. Usianze kwa kumwagia kwenye unga mkavu, joto lake litakushangaza. Tope la kahawia litatuama, lichuje likae na taka za maabara. Kama ni nyingi iache kwenye chombo chenye lebo, mkuu wa shule aandike barua ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kemikali za namna hii ziko chini yao kwa sheria ya mwaka 2003 na watawaelekeza. Na funga stoo kwa kufuli, weka daftari la nani kachukua gramu ngapi, pamanganeti iko kwenye orodha ya kimataifa ya kemikali zinazofuatiliwa kwa sababu watengeneza kokeini wanaihitaji.

mwl_redoksi
Na kuhusu praktiko, ambayo haijafunguliwa au haijachafuka inafaa, haichachi kirahisi ikiwa kavu. Ila usiamini mizani peke yake. Pima gramu 3.16 kwa lita upate 0.02 M (moli 0.02 kwa lita), chemsha taratibu au iache siku mbili tatu, chuja kwa pamba ya kioo, SIO karatasi ya kuchujia, karatasi inaila na kukuachia ukahawia. Weka chupa ya kahawia kabatini, halafu ihakiki nguvu yake halisi kwa sodiamu oksaleti ndani ya asidi ya salfyuriki iliyozimuliwa, ukiwa umeipasha nyuzi 60 hadi 70. Tumia bureti zenye koki ya kioo au tefloni, zile za mpira pamanganeti inazishambulia na vipimo vinayumba. Ukipata namba ya ajabu njoo uiweke hapa tuiangalie.